Upande Wangu wa Sinia

Nyayo zangu zilikuwa sifa yangu. Msimu wa karafuu, jua la saa sita likishaichoma sakafu ya uwanjani kwetu, hata kuku walikuwa hawapiti. Mimi nilipita peku, taratibu, nikizigeuza karafuu kwa mkono huku napiga soga. Wenzangu waliokuja kunisaidia kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, waliruka kama wamekanyaga kaa la moto, wakakimbilia kivulini. "Bi Raya ana nyayo za ngamia," wakasema. Nami, kwa ujinga wangu, nikavimba kichwa.

Jioni ya siku moja katika msimu ule nilivua makubadhi nikaona damu. Nikainua mguu. Chini ya kidole kidogo ngozi ilikuwa imevimba ikapasuka, na nyama ya ndani imeiva. Nilikuwa nimeungua mchana kutwa bila kujua. Sikuwa na nyayo ngumu, nilikuwa na nyayo zisizosikia kitu.

Naandika haya kwa sababu ya nyinyi mnaosikia ganzi miguuni mkadhani ni uchovu, na nyinyi mnaoamka usiku kwenda chooni na kunywa maji mkadhani ni joto. Sina elimu ya utabibu. Nimekaa Konde miaka yangu yote, nimepika, nimelea, nimeanika karafuu. Nitakueleza nilipopita mimi tu.

Kwanza tulijitibu nyumbani. Mama yangu, Bi Mize, tunaishi naye. Macho yake yameingia ukungu, haoni ila kivuli cha mtu mlangoni. Alinisikia nikichechemea akauliza kuna nini. Nikamwambia nimechomwa na mwiba. Akanielekeza manjano na asali, nikapaka. Vuli ikaanza, mvua zikapiga bati, na kidonda kikawa kinatoa harufu ambayo niliificha kwa udi. Mume wangu, Hamad, fundi seremala, si mtu wa maneno mengi. Siku moja aliingia chumbani, akanusa, akafunga udi kwenye karatasi akauweka kabatini. "Vaa buibui," akasema. "Twende Wete."

Benchi la hospitali nimelijua mpaka misumari yake. Tulikaa tangu asubuhi, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na mguu wake au jicho lake. Nilichogundua pale ni kwamba watu wote wenye kisukari wanakula kidogo. Ukiwauliza! Kuna mama mmoja wa Kojani, mnene mwenye heshima zake, alituambia yeye hula kijitonge tu, akaendelea kutafuna kashata aliyoificha ndani ya mtandio. Nilimcheka moyoni. Nilipoitwa ndani na daktari akaniuliza nakula kiasi gani, nikajibu, "Kidogo tu, daktari. Mie si mlaji."

Daktari alikuwa kijana, umri wa binti yangu, lakini hakunionea haya. Alikichokonoa kidonda kwa kijiti cha chuma, mimi nikimtazama tu, maana sikusikia maumivu. Akaniambia sukari yangu iko juu sana na lazima imekuwa juu muda mrefu. "Mama, nitakwambia wazi. Sukari isiposhuka kidonda hakitapona. Kisipopona, tutaukata mguu huu."

Hamad aliuliza, "Kidole?"

"Tutaanza na kidole," akajibu.

Nikapewa vidonge, nikapangiwa siku za kuja kusafishwa kidonda, nikapelekwa chumba cha pili kwa Bi Saada, muuguzi anayeshughulika na lishe. Huyu ni mwanamke wa kicheko, lakini ukimdanganya anakukazia macho. Alichora duara kwenye karatasi. Nusu yake, akasema, iwe mboga: mchicha, kisamvu, matembele, bamia. Robo iwe samaki, au maharage, au yai. Robo iliyobaki ndiyo wali, au muhogo, au ndizi, au mkate, kimoja kati ya hivyo, si vyote. Chai bila sukari. Matunda yatafunwe kiasi, yasigeuzwe juisi. Nazi isiachwe kabisa ila ipunguzwe, tui jepesi.

Nikalitazama lile duara. Nikauliza, "Hii ni nini?"

"Sahani yako."

"Mimi sina sahani, Bi Saada. Sisi tunakula kwenye sinia."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi Konde na lile swali kichwani. Wewe unayekula kwenye sinia unajua ninachosema. Wali unapakuliwa kilima kimoja, mchuzi unamwagiwa katikati, samaki juu, na kila mtu anakula upande wake. Hakuna anayejua amekula kiasi gani. Unajua umeshiba tu. Na kwetu kulikuwa na jambo jingine: mama. Tangu nikiwa mtoto, mama hula huku mkono wake ukitembea. Anapapasa upande wako, akikuta umepungua anakusukumia wali, akikuta mnofu mzuri upande wake anauhamishia kwako. Alipopoteza macho, ule mkono ndio ukazidi kuwa na kazi. Nilikuwa na binti aliyeolewa tayari na mama bado alinijazia upande wangu kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Nilijipa moyo kwamba nitapunguza. Nikala mboga kwanza, nikaacha sukari kwenye chai, nikaona nimefanya kazi. Mama akajaza, mimi nikala, kwa sababu ukiuacha wali uliosukumiwa na mama yako utamwambia nini? Kila nilipokwenda Wete sukari iko pale pale. Kaskazi ilipoanza kuvuma, kidole changu kidogo kilikuwa cheusi kama kokwa la ukwaju.

Wakakikata. Sitaki kuipamba habari ile. Nililia, si kwa maumivu, maana hata yakija yalikuwa ya mbali, bali kwa kuona bandeji fupi mahali palipokuwa na kitu changu. Daktari akasema amesafisha, lakini kidonda kimefika karibu na mfupa wa mguu. Kama sukari haitashuka kabla ya masika kwisha, kinachofuata ni kukata chini ya goti.

Njiani kurudi nyumbani, Hamad na mimi tulikubaliana kutomwambia mama. Ndivyo tunavyofanya huku, mkubwa habebeshwi habari nzito. Presha yake je? Moyo wake je? Tukamwambia kidonda kimesafishwa. Mama akaitikia alhamdulillahi, akaniombea dua ndefu, na mchana akanisukumia wali.

Siku ya pili nilinunua sahani. Ya bati, nyeupe, ina ua jekundu katikati, nimeichagua mwenyewe dukani Konde. Nikampakulia mama sinia dogo, nikajipakulia mimi sahani yangu kwa kufuata lile duara, nikakaa hatua moja kutoka kwake. Mama akasema bismillahi, akala matonge machache, mkono wake ukaja upande wangu ukagusa mkeka.

"Raya, kuko wapi?"

"Nipo hapa, mama. Nakula kwenye sahani. Daktari kasema."

"Daktari kasema usile na mamako?"

"Siyo hivyo, mama."

"Basi ni vipi? Mie n'na nini, nanuka?"

Nilimweleza habari za sukari, robo na nusu. Alisikiliza. Kisha akasema wazee wake wote walikula sinia moja na wakafa kwa ahadi ya Mungu, si kwa wali. Akanawa.

Jirani zetu nao hawakulala. Kwetu mtu akila peke yake ama ana maradhi ya kuambukiza ama amegombana. Haikupita juma, Bi Chumu wa nyumba ya pili akaja kunisuluhisha na mama yangu. Alikaa kwa heshima zote, akanihimiza nimtake radhi mzazi, kwani pepo iko chini ya nyayo zake. Nilitamani nimwonyeshe nyayo zangu. Lakini mama alikuwa chumba cha pili akisikia kila kitu, nikamkubalia Bi Chumu kwamba nitamtaka radhi.

Sahani ilifanya kazi. Sifichi. Mara ya kwanza Bi Saada alipoona namba imeshuka alipiga makofi yakasikika chumba kizima. Hamad alikuwa na kazi yake: kila jioni baada ya magharibi alichukua kioo chake cha kunyolea ndevu, akakishika chini ya unyayo wangu nikaangalia mwenyewe, kisha akaangalia yeye. Wewe mwenye kisukari, tafuta kioo na mtu wa kukushikia. Mwanamume huyu ambaye sikumbuki lini aliniambia neno tamu, alikuwa anausafisha mguu ule kwa maji ya chumvi aliyoyachemsha, na kuufuta katikati ya vidole vinne. Aliyakata makubadhi yangu ya zamani akayatanua upande mmoja yasinibane. Peku sikutembea tena, hata ndani.

Ramadhani ikaingia. Daktari alinikataza kufunga, nikatoa fidia, na mchana nilikula nyuma ya mlango kama mwizi. Wakati wa futari nyumba ilinukia muhogo wa nazi na mkate wa kumimina. Mimi na sahani yangu: kunde, samaki, kipande cha muhogo kama kidole gumba, na tende moja kwa kupata sunna. Niliona uchungu mwaka ule. Chakula si chakula tu, nilijua siku zile. Ukikaa na sahani yako pembeni wakati watu wanagusana mikono kwenye sinia, unajiona mgeni kwenu.

Masika ilipokolea, binti yangu Zuwena alikuja kwetu kujifungua, kama ilivyo ada, uzazi wa kwanza mtu arudi kwa mama yake. Akajifungua salama mtoto wa kike. Basi nyumba ikawa na wanawake watatu, na kila mmoja ana chakula chake. Zuwena aliambiwa kliniki ale zaidi ya kawaida, maana anawalisha wawili: samaki, maini, mboga za majani, maziwa, uji, na asiache vidonge vya damu. Na mtoto apewe ziwa tu, hata maji asipewe. Mama alitaka kumpa maji kidogo "kulainisha koo", Zuwena akambembeleza mpaka akakubali. Mimi ni nusu mboga. Na mama, tulifikiri, mama hana shida, anakula chochote.

Zuwena ndiye aliyeona. Siku moja alikuwa akimkogesha bibi yake, akaniita. "Mama, njoo umtazame." Nikaingia. Nilimkuta mama amekaa kwenye kibao, mgongo wazi, na mbavu zake nikaweza kuziona zote. Nilikuwa nimeangalia mguu wangu kwa kioo kila siku ya Mungu, na mama yangu anakonda hatua moja kutoka kwangu.

Tukampeleka Wete. Akapimwa damu, mkojo, kifua. Hakuonekana na ugonjwa. Bi Saada akasema mtu wa umri ule hupoteza nyama upesi, na akipungua namna hii akianguka hainuki. Ale kidogo kidogo lakini mara nyingi: samaki aliyechambuliwa, yai, maharage yaliyopondwa, maziwa, wali laini wenye tui zito, tena yeye asinyimwe. Nikacheka mwenyewe. Ninachokatazwa mimi ndicho anachoagizwa mama.

Tulimpikia. Tulimpikia vyote. Alikula matonge matatu, akasema kashiba, akanawa.

Mchana mmoja mvua imekatika, Zuwena alikaa na bibi yake kwenye sinia, mtoto kamlaza mapajani. Mimi nilikuwa nimechelewa jikoni. Nilisimama mlangoni na sahani yangu ya ua jekundu nikawatazama. Mama alikula tonge. Mkono wake ukaenda upande wa Zuwena, ukapapasa, ukasukuma wali kidogo, ukarudi. Akala tonge la pili. Kisha mkono ukaenda upande wa tatu, upande wangu, pale nilipokaa miaka yote. Ukakuta ukingo wa sinia. Ukapita juu ya ukingo, ukagusa mkeka, ukakaa pale. Mama akasema kashiba.

Niliiweka sahani chini. Machozi yalinitoka pale pale mlangoni, na Zuwena akanitazama bila kuelewa.

Nilikwenda nikakaa mbele ya mama. Nikavua kubadhi, nikafungua bandeji. Nikauchukua mkono wake, ule ule, una mafuta ya mchuzi, nikaufuta kwa kanga yangu, nikauweka juu ya mguu wangu.

"Hino nini?" akauliza.

"Mguu wangu, mama. Hesabu."

Akahesabu kwa kidole chake, kidogo kidogo, kuanzia kidole gumba. Alipofika mwisho akarudia. Akapapasa kovu pembeni ya kidonda, huku na huku, kwa wepesi anaoupapasia uso wa kitukuu chake.

"Kiko wapi?"

"Wamekikata. Zamani, wakati wa kaskazi. Sukari isiposhuka wataukata huu wote mpaka hapa." Nikaupandisha mkono wake chini ya goti.

Mama aliuacha mkono pale chini ya goti. Nilimwogopea, nikijuta kufungua mdomo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kali, si ya kilio.

"Na mie nilikuwa nakusukumia wali."

"Hukujua, mama."

"Ningejua vipi, na nyie mwanifanya n'shakufa? Macho yangu ndiyo yaliyopofuka, si akili!" Akageukia alikosikia pumzi za Zuwena. "Na weye ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Haya. Nyote mna adabu mbovu." Kisha akaukamata mguu wangu kwa mikono miwili akauweka mapajani pake, akaanza kulia polepole, na mimi nikalia, na Zuwena, na yule mtoto akaamka akatushinda sote kwa sauti.

Usiku ule nilimwambia Hamad narudi kwenye sinia. Akaniuliza, "Na ile robo?" Nikamjibu kwamba robo haiko kwenye sahani, iko kwenye mkono wa anayepakua. Hili ndilo ninalotaka wewe ulichukue, kama huwezi kununua sahani ya ua jekundu, au kama sahani inakuvunjia nyumba. Pakua sinia kwa pande. Upande wa Zuwena wali, mboga na samaki wengi. Upande wa mama wali laini, tui zito, samaki aliyetolewa miiba. Upande wangu mchicha nusu nzima, samaki, na wali uliopimwa kwa kikombe kimoja cha chai, ukapinduliwa pale kama keki. Kila mtu ale kwake. Si wote wanaohitaji kile kile, lakini hakuna sharti kwamba wasile pamoja.

Mchana wa kwanza nilikaa mahali pangu. Mama aliposikia nimekaa, akanyoosha mgongo. Akasema bismillahi, akala. Tonge, la pili, la tatu. Nikauona mkono wake unakuja upande wangu. Nikajikaza, maana tabia ya miaka yote haiachwi kwa siku moja, na nilijua akinisukumia sitaweza kumkatalia tena.

Vidole vikagusa mchicha. "Majani," akasema. Vikagusa samaki, vikapita. Vikaufikia wali wangu, kile kilima kidogo cha kikombe. Vikaupapasa, vikaupima. Halafu mama akachota pale, tonge zima, akalitia kinywani mwake.

"Uno wali wangu mie," akasema, anatafuna. "Weye kula majani."

Masika ikaisha, kipupwe kikapita, na kidonda kikafunga. Daktari alipokigusa kwa kile kijiti chake cha chuma hakikuingia popote. Alimwita Bi Saada aje aone, Bi Saada akapiga makofi tena. Mama amenenepa, si sana, lakini Zuwena akimkogesha hazioni mbavu zote. Karafuu zimerudi kwenye sakafu. Nazigeuza na makubadhi miguuni na wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa mtu wa mjini, nami nawaachia wacheke.

Na kila mchana, mkono wa mama unakuja upande wangu kuniibia wali, nami namwachia.